Maziwa ya Mama

Baba mkwe wangu alipoinua kikombe na kuomba aongezewe chai, mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na miguu imekataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nimewahi kushtuka maishani. Nimeshtushwa na nyoka kwenye majani chai nikiwa mtoto, na nimeshtushwa na simu za usiku. Lakini mshtuko wa siku ile ulikuwa wa kukufanya utake kucheka, kulia na kujificha chini ya kitanda kwa wakati mmoja. Yeye mwenyewe hajui mpaka leo. Akisoma hapa, namwomba anisamehe kabla hajafika mwisho.

Ili mtu aelewe, lazima nianze na mtoto, kwa sababu yote yalitokana na tumbo lake.

Alizaliwa kabla ya wakati. Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha chai, katika chumba cha kuonjea: tunachemsha chai ya kila mkupuo, tunaipanga kwenye vikombe vyeupe, anayeonja anavuta kijiko kwa kelele, anatema, anasonga mbele. Siku hiyo nilikuwa napanga vikombe, nikasikia maji yanashuka miguuni. Nilidhani nimemwaga birika. Nilitazama birika, birika lilikuwa wima. Basi nikasimama pale nikiliangalia birika hilo hadi mwenzangu akanishika mkono na kuniuliza kama niko sawa, na sikuwa sawa.

Hospitalini Kericho walimweka mtoto kwenye kisanduku cha joto, kadogo, kekundu, na mrija puani. Muuguzi akaja na bomba la sindano lisilo na sindano, akanipa mkononi, akasema, "Mama, kamua." Niligeuka nyuma kuangalia mama anayeambiwa ni nani. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Nilikamua. Nilitegemea maziwa yaruke kama nilivyoona kwa ng'ombe. Kilichotoka ni tone la njano lililokaa kwenye ncha ya titi likitafakari. Nikalia. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye haraka zake, alilivuta lile tone kwa bomba kana kwamba ni dhahabu, akasema, "Haya ndiyo maziwa ya mama. Usidharau." Kwake, kwenye kuta zake, kwenye mabango yake, kila kitu kilikuwa maziwa ya mama. Nililichukua neno hilo nikaenda nalo nyumbani. Laiti ningeliacha pale pale.

Nyumbani, mtoto alikataa titi. Sisemi alisumbua kidogo. Alikataa. Nilipomsogeza alijipinda nyuma na kupiga mayowe, kisha akachoka, akalala na njaa yake. Kliniki walisema amezoea mrija na chupa, na nguvu za kunyonya hana bado. Tukajaribu maziwa ya kopo. Siku ya pili niliona damu kwenye nepi. Sijui niseme nini juu ya mama anayeona damu kwenye nepi ya mtoto aliyetoka hospitalini juzi. Nilimfunga mgongoni na kukimbia, na nilipofika kwa daktari nilikuwa nimevaa kiatu kimoja cha kwangu na kingine cha mume wangu.

Daktari alisema tumbo lake halitaki maziwa ya ng'ombe, wala chochote kilichotengenezwa na maziwa ya ng'ombe. Yangu tu. Hata mimi mwenyewe nisiguse maziwa ya ng'ombe, maana yatampitia. Nikamuuliza, "Hata kwa chai?" Akasema hata kwa chai. Mimi nimezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma, nimelelewa na chai ya maziwa kabla sijaota meno. Nikaanza kunywa turungi, chai kavu isiyo na maziwa. Mume wangu, mwalimu huko Londiani anayekuja wikendi, naye akanywa turungi kwa ajili ya umoja, uso umemkunjamana. Nikamwambia mtu wa maziwa asipite kwetu tena. Nyumba yetu ikawa nyumba isiyo na maziwa ya ng'ombe hata tone, na katika nchi hii ya Kericho na Bomet hilo ni jambo la kuwashangaza hata majirani.

Kwa hiyo nikawa wa mashine ya kukamulia. Ni kijidude cha umeme, na koni yake ya plastiki unayofunikia titi, na mrija, na chupa. Inavuta, inaachia, inavuta. Kuna wanawake wanaokamua siku mojamoja wakiwa safarini. Mimi nilikuwa nakamua kila mlo wa mtoto, wote, asubuhi mpaka asubuhi nyingine. Kukamua, kulisha, kuosha, kuchemsha vyombo, na kabla vyombo havijakauka, kukamua. Kila mashine ina maneno yake. Yangu ilikuwa inasema, bado, bado, bado, bado. Nilikuwa naitukana. Umeme ukipotea, nao hupotea sana mvua ikinyesha, nilitumia mkono huku nikiwatukana wenye umeme.

Na nilikuwa naweka akiba. Likizo yangu ilikuwa inaisha Jumatatu, na mtoto angebaki nyumbani na chakula kimoja tu duniani ambacho hakimtoi damu. Kila nilipopata ziada nilimimina kwenye vimfuko vya plastiki, nikaandika tarehe, nikavilaza kwenye friza vigande vikiwa bapa. Ziada yenyewe ilikuwa ya kukwangua. Nilikuwa nikipita jikoni nafungua friza bila sababu, natazama, nafunga. Ilikuwa raha yangu ya pekee wiki zile.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Roret.

Alikuja kutusaidia ili nirudi kazini, na alikuja kama wanavyokuja akina mama wa Kipsigis: kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya kugandishwa, mtungi wa maziwa, maboga, na shauri. Nilipomwambia kuwa mtoto haruhusiwi maziwa ya ng'ombe, aliweka mtungi chini polepole.

"Nani amesema?"

"Daktari, Mama."

"Daktari ya wapi? Huyu ni mtoto ya Kipsigis. Atakataswa masiwa ya ng'ompe akunywe nini? Mvua?"

Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ameshtuka kweli, mkono kifuani. Kisha akaiona mashine, na mimi nimeunganishwa nayo kwa mrija, nimekaa kwenye kiti huku shuka limenifunika mabega. Akapiga makofi mara moja. "Oi! Sasa wewe ndio ng'ompe?" Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi akitazama mashamba ya chai, na hakuingia mpaka mashine iliponyamaza. Tangu siku hiyo hakuigusa, wala hakutaka kujua maziwa yake yanawekwa wapi. Nikiiacha mezani, aliisogeza kwa mwiko.

Usifikiri ni mtu mbaya. Alimwogesha mtoto kwa mikono laini kuliko yangu. Lakini kila siku alikuwa na lile lile. Ampe kijiko kimoja tu cha maziwa aliyoleta, cha kuonja. Mtoto ni mwembamba. Haya ya mashine hayana nguvu, yamepita kwa plastiki. Mimi nilikuwa nang'aka moyoni na kusema "Ndiyo, Mama" mdomoni. Niliogopa. Nilijua akiba yangu ikiisha na mimi niko kazini, kijiko kile kitaingia, kwa upendo kabisa, na nitarudi nikute nepi nyekundu. Vile vimfuko kwenye friza ndivyo vilivyosimama kati ya mtoto na kijiko.

Maziwa aliyokuja nayo yaliisha baada ya siku chache, aliyanywa mwenyewe na majirani waliokuja kumsalimia. Kisha akawa anakunywa turungi yetu. Alikuwa akiitazama ndani ya kikombe kama mtu aliyepewa maji ya kuoshea soksi.

Jumamosi ya kabla ya Jumatatu yenyewe, mume wangu akiwa amebaki Londiani kusahihisha mitihani, niliitwa kiwandani nikaone chumba watakachonipa cha kukamulia. Asubuhi hiyo hiyo baba mkwe akatokea, hakutupigia simu, amevaa koti na kofia yake. Alisema mzee wa kanisa na mkewe wanakuja baadaye kumwombea mtoto. Sasa hapa lazima nieleze jambo la kwetu Kisii. Sisi tuna chinsoni, yaani heshima ya ukoo: mke wa kijana na baba mkwe hawagusani mikono, hawakai karibu, na mambo ya mwili hayatajwi mbele yake hata ukiwa unakufa. Baba mkwe ni Mkipsigis, hana habari na hayo, siku ya kwanza alininyooshea mkono na mimi nikauficha wangu mgongoni. Baadaye aliambiwa na mwanawe, akacheka, akakubali. Mimi nimekulia Kericho lakini mama yangu alinitia chinsoni tangu utotoni, na haitoki.

Basi nilikuwa mlangoni, boda inapiga honi nje, baba mkwe amesimama palepale sebuleni na kofia mkononi, na mimi namwachia mama mkwe maagizo.

"Mama, chupa ya mtoto iko kwa mlango wa friji. Weka tu kwa maji moto, usichemshe."

"Sawa."

"Na ile imeganda huko juu kwa friza..." Nikasimama. Ulimi ulikuwa tayari kusema maziwa yangu. Niliona kofia ya baba mkwe kwa pembe ya jicho. Maziwa yangu? Mbele yake? Ningekufa. Nikalikumbuka lile neno safi la muuguzi, neno la kwenye ukuta, lisilo na titi ndani yake. "Hiyo ni maziwa ya mama," nikasema.

"Ya mama?"

"Ee. Ya mama. Nimeweka."

Mama mkwe alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aone mashine. Nikafurahi kwamba mwishowe tumeelewana, nikapanda boda.

Chumba cha kukamulia kilikuwa stoo ya masanduku ya sampuli, dirisha halina pazia na linaelekea wanakopima majani. Nilicheka peke yangu mle ndani, kisha nikamtafuta msimamizi, nikamweleza kwa sauti ya juu kidogo ni nini kitakachofanyika kwenye chumba hicho na ni wangapi watakaokitazama wakisubiri mizani. Akaahidi pazia. Yote hayo yalichukua muda, na titi lilikuwa limejaa linauma nilipopanda boda kurudi.

Nilianza kuisikia harufu nikiwa bado nje. Chai. Chai ya maziwa, imechemshwa ikachemka. Nikafikiri baba mkwe amekuja na maziwa, nikashukuru. Halafu nikaona kamba ya nguo. Kati ya nepi za mtoto kulikuwa na vimfuko vya plastiki, vimeoshwa, vimening'inizwa, kila kimoja na kibanio chake. Mama mkwe hatupi mfuko. Vilikuwa vinapepea, na upepo ulipovigeuza niliona mwandiko wangu. Tarehe zangu zote zilikuwa pale zinakauka.

Akili ni kitu cha ajabu. Iliviona, ikakataa. Nilipita chini ya kamba kama mtu anayepita chini ya nguo za jirani, nikaingia ndani.

Sebuleni walikuwa wamekaa kama picha: baba mkwe, mzee wa kanisa, mkewe. Thamosi mezani, vikombe vimejaa. Mama mkwe alikuwa amembeba mtoto, amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa. Sijawahi kumwona mwenye furaha vile nyumbani kwangu.

"Kaa, msichana wangu," akasema. "Leo unywe chai ya watu."

Akanimiminia. Nikataka kusema sinywi maziwa, daktari alisema, lakini wageni wote walikuwa wananitazama na yeye ananipa kikombe kwa mikono miwili. Nikasema nitapiga funda moja la heshima, nikaliteme jikoni. Nikaleta kikombe mdomoni.

Kazi yangu ni ulimi. Ulimi wangu ulijua kabla yangu. Chai yenyewe ilikuwa nzuri, majani ya kwetu. Lakini maziwa yalikuwa mepesi, matamu kwa utamu usio wa sukari, na nyuma yake ile harufu kidogo ya sabuni ambayo maziwa yangu huipata yakikaa kwenye friza. Nimeinusa harufu hiyo kila siku nikiyeyusha chupa. Hakuna ng'ombe duniani mwenye harufu hiyo.

Sikuweza kutema. Baba mkwe alikuwa mbele yangu. Nikameza.

"Chai hii," baba mkwe akasema, akiitazama ndani ya kikombe, "iko tamu mpaka sijaweka sukari. Daktari alinikatasa sukari. Hii nakunywa hivi tu." Akamalizia iliyobaki na kukiinua kikombe. "Niongesee."

Ndipo nilipoinuka nikajikuta mlangoni mwa jikoni, nimeganda. Mzee wa kanisa naye akasukuma chake mbele. Mkewe akasema kweli chai ni tamu, akauliza ni ng'ombe wa aina gani. Nilisikia swali hilo likizunguka sebuleni likinitafuta.

Niliingia jikoni nikafungua friza. Barafu, na mvuke, na rafu tupu. Nilipitisha mkono mpaka nyuma kabisa, labda kimoja kimeshikwa na barafu. Hakukuwa na kitu. Nikapitisha tena. Wiki zote zile, usingizi wote ule, vidole vilivyokufa ganzi, bado, bado, bado, yote yalikuwa kwenye thamosi na matumboni mwa wazee wa kanisa. Na Jumatatu ilikuwa inakuja vilevile. Nilishika mlango wa friji nikaanza kulia kwa sauti ya ndani, ile ya kuuma meno, maana kuna wageni.

Mama mkwe akaja na sufuria, mtoto mkononi mwingine. Akaona friza iko wazi.

"Nilipika yote," akasema. "Usikasirike. Ilikuwa nyepesi sana, msichana. Huyo mtu wako ya masiwa ni mwisi, anaongesa maji. Hata mbusi haiwesi toa kitu nyepesi hivyo. Nikasema sasa nikiweka maji ingine, itakuwa aipu. Nikaweka yote pila maji."

Mwizi. Anaongeza maji. Nilidhani nimeshtuka vya kutosha siku hiyo, kumbe kulikuwa na nafasi ya tusi. Hasira ilinipanda mpaka nikaona vinyota.

"Mama, hiyo haikuwa ya ng'ombe."

"Ni ya mbusi kweli?"

Sikuweza kusema, hata kwake. Nikanyoosha kidole kwenye mashine, iliyokuwa kwenye rafu alikoisogeza kwa mwiko. Halafu nikajielekezea kidole kifuani, ambako blauzi ilikuwa imeanza kulowa.

Alitazama mashine. Akatazama blauzi. Akatazama ndani ya sufuria, kisha mlango wa sebuleni, ambako mume wake alikuwa anakohoa kwa kushiba. Akaiweka sufuria chini. Aliketi kwenye stuli taratibu, amemkumbatia mtoto.

"Si ulisema ni ya mama?"

"Ni ya mama, Mama," nikasema. "Mimi ndiye mama."

Nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwa mdomo wangu. Lilitoka kwa ukali, lilikuwa na makali ya wiki nzima, na nilikuwa tayari kuendelea. Nilikuwa na mengi. Nilikuwa na mwiko, nilikuwa na ng'ombe, nilikuwa na kijiko.

Yeye alikuwa anatazama sakafu.

"Nilitania ni yangu," akasema.

Alikuwa anamaanisha nilidhani.

"Mimi nakamua ng'ompe tangu niolewe. Ya asupuhi inaenda kwa gari ya masiwa. Ya jioni ni ya watoto, na ya mzee. Mimi nasuuza mtungi na maji kidogo, hiyo ndio ya chai yangu. Miaka hiyo yote, hakuna mtu amewahi niambia, hii ni ya mama, nimeweka." Alimpangusa mtoto mdomo, ingawa mdomo wa mtoto ulikuwa safi. "Nikasema, ona huyu msichana. Kwa nyumba yake hakuna masiwa, yeye mwenyewe anakunywa turungi, lakini mimi ameniwekea. Nimeampia hata hao wageni. Ndio maana nikawaita mesani. Ilikuwa ya kujionyesha."

Nimefikiria sana jinsi ya kueleza kilichonipata hapo, na sina njia nyingine isipokuwa kusema kwamba huo ndio uliokuwa mshtuko mkubwa wa siku ile. Friza tupu ilinishtua tumboni. Hili lilinipiga mahali pengine. Mwanamke huyu, mwenye mtungi na ng'ombe na wana waliosoma, alikuwa amesubiri kuwekewa maziwa maisha yake yote, na alipodhani amewekewa, alivaa kitambaa chake kizuri. Na mimi nilikuwa nimeyatamka maneno hayo bila kujua nimempa nini. Hasira yangu ilitafuta pa kukaa ikakosa.

Mtoto akaanza kulia. Chupa aliyoachiwa ilikuwa imeisha, na hakukuwa na nyingine.

Nilimtazama mama mkwe, naye akanitazama. Nilijua kinachofuata. Ni neno moja tu: ng'ombe. Mtoto analia, akiba imeisha, mashine si ya kutegemewa, na nyumba ya jirani ina maziwa. Alikuwa na kila sababu ya kulisema, na mimi nilikuwa sina nguvu ya kupigana. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akanyanyuka, akaniwekea mtoto mikononi, akaenda kwenye rafu, na akaishika mashine kwa mikono yake miwili, juu chini, mrija unaburuta.

"Hii inashikwa wapi?" akauliza.

Tukaingia chumbani, akafunga mlango akaweka kiti nyuma yake, akamchukua mtoto tena. Nikajifunga ile koni, nikawasha. Bado, bado, bado. Titi lilikuwa gumu kama boga na hakuna kilichoshuka. Nilijua ni nini. Wanaokamua wanajua: maziwa hayasukumwi, yanashuka yanapotaka, na mwili ulioogopa huyafungia. Nilivuta pumzi, nikamtazama mtoto, nikafikiria mito, nikafikiria mvua. Hakuna. Chupa ilikuwa kavu kabisa. Mtoto alikuwa amefika kwenye kile kilio cha kukatika, na mama mkwe alikuwa anamtikisa akizunguka chumba, ananitazama, anaitazama chupa. Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa mahali popote. Niliona Jumatatu. Niliona kijiko. Niliona nepi.

Bado, bado, bado.

Ndipo mlango ukagongwa. Kwa heshima, mara mbili. Ilikuwa sauti ya baba mkwe, ya mtu mwenye raha zake.

"Mama, wageni wanataka kwenda. Lakini mzee ya kanisa anauliza, imebaki ingine ya ile masiwa ya mama? Waende nayo nyumpani."

Mama mkwe aliacha kuzunguka. Nilimwona anaminya midomo. Mabega yakaanza kutikisika. Alijiziba mdomo kwa kitambaa cha mtoto, macho yakamtoka, na sauti ndogo ikamponyoka puani, na mimi nikaisikia nikapotea. Tulicheka. Tulicheka bila sauti, tumeinama, machozi yananitiririka hadi kidevuni, yeye ameegemea kabati na mtoto kifuani, mtoto ameacha kulia kwa mshangao. Nilijaribu kuacha, nikafikiria mzee wa kanisa akisafiri na chupa ile kwapani, nikaanza upya. Na katikati ya kicheko nikahisi ile michomo, kama sindano nyingi ndogo ndani ya titi, na mashine ikabadilisha sauti.

Yakashuka. Kwanza tone, kisha uzi, kisha nyuzi nyingi zikigonga ukuta wa chupa. Mama mkwe alichuchumaa mbele yangu na mtoto, uso karibu kabisa na chupa, akiyatazama yakipanda. Hakuwa anacheka tena.

"Mama?" baba mkwe akaita nje. "Iko?"

Sikujua anamwita nani. Mama mkwe aliinua kichwa kuelekea mlangoni.

"Imeisha," akajibu. "Hii ingine ni ya mtoto."